Kusikiliza Muziki au Kuchunguza Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu watu wa Kisumu na miji ya jirani walio na amplifaya na spika nyumbani, au wufa ya kawaida iliyounganishwa na runinga, ambao wamefika mahali ambapo hawajui tena kama wanasikiliza wimbo au wanasikiliza chombo. Mifano mingi ni ya benga na ngoma za magharibi ya Kenya kwa kuwa ndizo zinazopigwa zaidi katika sebule zetu, lakini mambo ya spika na chumba ni yale yale kwa rumba, kwa kwaya na kwa muziki mwingine wowote.

Kuna tofauti gani hasa kati ya kusikiliza muziki na kuchunguza ubora wa sauti?

Anayesikiliza muziki hufuata kinachoimbwa na kinachopigwa: mwimbaji anamsifu nani, analalamikia nini, gitaa linamjibu vipi, na ngoma inaingia wapi. Anayechunguza sauti huuliza mambo mengine kabisa, kwa mfano kama besi imezidi, kama herufi ya "s" inachoma sikio, au kama spika ya kulia ina nguvu sawa na ya kushoto. Kazi zote mbili ni halali, na mtu anayetaka chombo chake kikae sawa hawezi kuikwepa ya pili. Ila haziwezi kufanywa vizuri kwa wakati mmoja, kwa sababu sikio lililotumwa kutafuta kasoro hupata kasoro, hata katika rekodi ambayo jana yake ilikuwa ikikuchezesha ukiwa umesimama jikoni.

Kuna jambo la tatu ambalo mara nyingi huchanganywa na hilo la pili, nalo ni kuuchunguza muziki wenyewe. Mtu anayeketi akafuata gitaa la besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo hachunguzi chombo. Anajifunza jinsi wimbo ulivyojengwa, na kwa maoni yangu hakuna njia ya haraka zaidi ya kuupenda upya wimbo uliouzoea. Swali la kujiuliza ni dogo: je, ninachokitafuta kimefanywa na mpigaji au na spika? Kama kimefanywa na mpigaji, endelea bila wasiwasi.

Kwa nini nikipima spika kwa vipande vifupi vya nyimbo ninazozipenda, nyimbo hizo hupoteza ladha?

Kwa sababu vipande vifupi huuacha muziki nje, na kwa muziki wa kwetu hasara hiyo ni kubwa kuliko kawaida. Benga ya miaka ya 1960 na 1970, iwe ni ya Shirati Jazz, ya Victoria Jazz au ya bendi nyingine za wakati huo, ilitolewa zaidi kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Katika nyimbo nyingi za namna hiyo maneno hutangulia, kisha waimbaji hunyamaza na kuyaachia magitaa njia. Gitaa la solo na la besi hukimbizana, mdundo hukazwa, na hapo ndipo watu huinuka kucheza. Mtu anayepima spika kwa nusu dakika ya mwanzo ya nyimbo kumi amesikia mianzo kumi, na hajafika hata mara moja mahali ambapo wapigaji walikuwa wakielekea.

Asili ya jambo hili iko nyuma zaidi ya gitaa. Wapigaji wa benga walichota sana kutoka kwa nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji huketi nacho chini akizipiga nyuzi kwa vidole, huku pete ya chuma iliyovikwa kwenye kidole cha mguu ikigonga mti wa chombo na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja hutoa sauti tatu kwa pamoja, anairudia njia ile ile, na kila anaporudi anabadilisha kitu kidogo. Mabadiliko hayo hayasikiki kwa anayerukaruka. Yanahitaji sikio lililokwisha kuzoea mzunguko wa wimbo, na sikio huchukua dakika kadhaa kuuzoea.

Kwa sababu hiyo, kipimo ninachokipendekeza ni wimbo mzima, ikiwezekana wenye sehemu zote mbili. Ukiisha, usiulize kwanza kama besi ilikuwa safi. Uliza kama ulitaka uendelee, na kama ulitambua jambo ambalo hukulitambua siku zilizopita. Spika inayokuchosha kabla ya sehemu ya pili ina kasoro hata kama katika kipande kifupi iling'aa kuliko zote dukani, na spika nyingi zilizotengenezwa ili kumvutia mteja kwa haraka, zenye besi iliyotiwa chumvi na sauti za juu kali, ndivyo zilivyo.

Nimenunua spika nzuri, lakini besi inavuma na maneno hayasikiki. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko chumbani. Sebule nyingi za Kisumu zina kuta za matofali au bloku, sakafu ya saruji au vigae, na mabati juu, pengine na dari nyembamba, pengine bila dari. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi lenyewe, ujue kila neno la mwimbaji linafuatwa na mlio huo huo, na ndiyo maana hayasikiki vizuri. Zulia, mapazia mazito, makochi yenye mito na rafu iliyojaa vitabu hupunguza mwangwi huo kwa kiasi kikubwa, na vingi kati ya vitu hivyo tayari vipo nyumbani. Vinahitaji kupangwa tu.

Besi ni jambo gumu zaidi, kwa sababu vitambaa haviigusi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za selsiasi, na kwa kasi zaidi kidogo katika joto la kandokando ya ziwa, kwa hiyo wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita saba. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41; tuko katika eneo hilo hilo. Chumba chenye urefu wa mita tatu na nusu hubeba nusu kamili ya wimbi la hezi 50, na matokeo yake ni kwamba noti iliyo karibu na hapo huvimba kando ya kuta na kufifia sana katikati ya chumba. Watu wawili wanaosikiliza wimbo mmoja, mmoja akiwa kwenye kochi la ukutani na mwingine kwenye kigoda cha katikati, wanaweza kubishana juu ya besi jioni nzima na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Dawa ya kwanza haina gharama. Ondoa spika kwenye pembe za chumba, kwa maana pembe huongeza besi kwa nguvu sana, na uzisogeze mbele kidogo kutoka ukutani. Ziweke mbali kati yao kwa kadiri ile ile zilivyo mbali na kiti chako, na zile spika ndogo za sauti za juu ziwe usawa wa masikio yako unapoketi. Halafu cheza wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, usogeze kiti na spika kidogo kidogo hadi noti zote zilingane kwa nguvu. Kama una rekodi ya isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, itumie pia: pigo la ngoma kubwa linapaswa kuanza na kwisha, si kuendelea kuvuma hadi pigo linalofuata. Ukiridhika, weka alama ya chaki sakafuni ili anayefagia arudishe spika mahali pake.

Floyd Toole, ambaye alifanya utafiti wa spika kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada kabla ya kujiunga na kampuni ya Harman mwaka 1991, amesisitiza sana jambo hili: katika masafa ya chini, kinachotawala zaidi ni chumba na mahali spika zilipowekwa. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakiuza spika nzuri kwa hasara kwa kosa ambalo lilikuwa la pembe ya ukuta.

Je, nahitaji waya wa bei ghali?

Kwa sebule ya kawaida huhitaji. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kipimo kile kile ambacho mafundi wa umeme hutumia kwa soketi za nyumba, una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita. Mita tano za kwenda na tano za kurudi hufanya omu 0.07, ilhali spika nyingi ni za omu 8 au 4. Kiasi hicho ni kidogo mno kukuibia muziki.

Kilicho muhimu ni upande gani wa waya umefungwa wapi. Nyekundu ya amplifaya iende kwenye nyekundu ya spika, kwa spika zote mbili. Ikiwa moja imegeuzwa, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi hupotea, na sauti ya mwimbaji hutawanyika chumbani bila kuwa na mahali. Cheza rekodi ya zamani ya sauti ya njia moja (mono, ambayo spika zote mbili hutoa sauti ile ile) ukiwa umeketi katikati: mwimbaji anapaswa kusikika kana kwamba yuko kati ya spika mbili. Asipokuwa hapo, kagua nyaya kabla ya kulaumu chochote.

Sanduku la wufa limeandikwa wati 10,000. Ni kweli?

Hapana. Idadi hiyo huwa ni ya kipimo kinachoitwa PMPO, ambacho hakina kanuni moja inayokubalika na hakielezi nguvu ambayo chombo kinaweza kuendelea kuitoa. Tafuta kipimo cha RMS, yaani nguvu ambayo chombo huendelea kuitoa, au geuza chombo usome nyuma kinatumia wati ngapi za umeme. Chombo kinachovuta wati 60 kutoka kwenye soketi hakiwezi kuendelea kutoa wati 10,000 kwenye spika. Tena, kuongeza nguvu maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua lakini halilishangai, na kwa usikilizaji wa kawaida wa nyumbani wati chache za kweli zinatosha.

Nitumie MP3, CD au huduma za mtandaoni?

CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, na kwa njia mbili hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 ni sehemu moja ya kumi na moja ya hapo, nayo hutumia megabaiti 58 hivi kwa saa. Ya kilobiti 320 hutumia megabaiti 144. Anayenunua bando kwa siku anajua tofauti hiyo ni pesa. Kwa maoni yangu, MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka kwa rekodi nzuri inamtosha karibu kila msikilizaji, na tatizo la kweli ni nyimbo zilizojaa katika fleshi zetu ambazo zimenakiliwa, zikabanwa, zikanakiliwa na kubanwa tena, hadi matoazi yakawa kama maji yanayochemka. Wimbo wa namna hiyo hautaponywa na spika yoyote, utafute upya.

Naweza kuyaamini masikio yangu ninapolinganisha vyombo viwili?

Unaweza, mradi macho yamenyamazishwa. Mwaka 1994 Toole na mwenzake Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zile zile wakiziona na pia zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, na alama walizozitoa zilibadilika: umbo, ukubwa na bei vilikuwa vimeshasema nao kabla ya sauti.

Kwa hiyo mwombe ndugu au rafiki akubadilishie vyombo bila wewe kuona. Hakikisha kwanza vinalingana kwa nguvu ya sauti, kwa sababu kilicho juu hata kwa desibeli moja huonekana kuwa bora, na wauzaji wengi wanalijua hilo. Rudieni mara kumi, kila mara uandike unadhani ni chombo kipi kinacholia. Ukipata tano, ulikuwa unabahatisha. Ukipata tisa au zaidi, tofauti ipo, kwa kuwa uwezekano wa kufika hapo kwa bahati ni karibu 1 kati ya 100. Wengi wakimaliza zoezi hili hutulia, si kwa kuwa wamekosa, bali kwa kuwa wamejua ni tofauti zipi wanazoweza kuzisahau kwa amani.

Baba ana santuri za zamani zenye mikwaruzo. Je, chombo kizuri kitazifanya zisikike vibaya?

Chombo kizuri kitaonyesha mikwaruzo hiyo, lakini pia kitaonyesha vidole vya mpigaji, pumzi ya mwimbaji na chumba walichorekodia. Nyingi kati ya rekodi hizo ni za njia moja, na hazitakupa gitaa kushoto na ngoma kulia hata ufanyeje. Usipoteze jioni ukilitafuta ambalo halikuwekwa. Zisafishe vumbi kwa kitambaa laini, ubadilishe sindano iliyochakaa, na ukumbuke kwamba santuri nzito za mizunguko 78 zina mifereji mipana zaidi na zinahitaji sindano yao. Halafu mwite mzee aketi kwenye kiti kizuri. Yeye atakueleza mambo ambayo hayamo kwenye jalada: nani alikuwa anasifiwa, wimbo ulipigwa wapi, na kwa nini watu walikuwa wakishangilia mahali fulani. Maelezo hayo huongeza zaidi raha ya rekodi kuliko amplifaya yoyote niijuayo.

Nina zaidi ya miaka 50. Je, bado nina sababu ya kutafuta sauti nzuri?

Ndiyo. Kijana husikia hadi karibu hezi 20,000, na uwezo huo hushuka kwa umri, hivi kwamba watu wengi wa umri wako hawasikii zaidi ya hezi 12,000 hivi. Lakini noti ya juu kabisa ya gitaa la kawaida ni ya hezi 1,300 hivi, na maneno ya mwimbaji yako chini sana ya kiwango kilichopotea. Tena sikio lako limezoezwa na miaka mingi ya nyimbo, na mazoezi hayo kijana hana.

Nasikia mvumo hata wakati hakuna wimbo unaochezwa.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo wa hezi 50 au 100 hutoka kwake. Chomeka vyombo vyote kwenye kiungio kimoja cha soketi, utenge nyaya za sauti na nyaya za umeme, na ukiendelea mwite fundi.

Mvua ikinyesha juu ya mabati nifanyeje?

Usipime chochote. Mvua ya Kisumu juu ya paa lisilo na dari hufunika sauti zote za chini chini, na kuongeza sauti ili kuishinda ni kuyaumiza masikio. Ikiwa kuna radi, chomoa plagi ya umeme pamoja na waya wa antena, kwa maana kuzima kwa swichi tu hakukilindi chombo.

Nimezoea kuchunguza kiasi kwamba siwezi tena kufurahia. Nitaachaje?

Tenga muda wa uchunguzi na uupe mwisho. Chagua alasiri moja, panga spika, kagua nyaya, andika kwenye karatasi kinachokusumbua, na usirudie kazi hiyo hadi kitu kiharibike au uhame nyumba. Siku nyingine zote ekwalaiza isiguswe. Ukijikuta unasikiliza kasoro, liandike jambo hilo kwenye karatasi ile ile na urudi kwenye wimbo. Utashangaa ni mambo mangapi uliyoyaandika yatakuwa hayana maana ukiyasoma baada ya wiki chache.

Linalosaidia zaidi ni kwenda kuusikiliza muziki unapopigwa na watu. Ukiketi karibu na mpigaji wa nyatiti au orutu, fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja, au katika kundi la ngoma za ohangla kwenye sherehe, utagundua kwamba sauti ya kweli ina mikwaruzo, haina mpangilio wa kushoto na kulia unaopimika, na besi yake hubadilika kila unaposogea. Hakuna aliyepo anayelalamika. Ukirudi nyumbani, spika zako utazidai yale tu yanayostahili kudaiwa: maneno yaeleweke, mdundo usichelewe, na kila chombo kitambulike kwa sauti yake.

Familia inalalamika kwamba kiti kimoja tu ndicho kizuri. Je, niwapangie wao au nijipangie mimi?

Wapangie wao. Kiti cha katikati kina faida yake, lakini sebule ni ya watu wengi, na muziki wetu mwingi ulifanywa uchezwe na kundi. Ukizielekeza spika ndani kidogo, ili ya kushoto imtazame aliyeketi kulia na ya kulia imtazame aliyeketi kushoto, walio kando watasikia pande zote mbili vizuri zaidi. Saa ya peke yako, usiku au alfajiri, unaweza kuketi katikati.

Nisikilize kwa nguvu kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na desibeli 90 zisizidi saa nne. Simu nyingi zina programu za kukadiria desibeli, na makadirio hayo yanatosha kwa kazi hii. Ukilazimika kupaza sauti ili umwambie jambo mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako, punguza. Sababu nyingine ni kwamba kwa sauti ya juu chumba cha vigae huvuma, na unaishia kusikia kuta. Katika nyumba za kupanga za Manyatta au Nyalenda, ambapo ukuta mmoja ni wa familia mbili, besi ndiyo inayopita kwanza, kwa hiyo baada ya saa tatu usiku shusha besi kabla ya kushusha sauti nzima. Maneno na gitaa la solo vitabaki, na jirani ataweza kulala. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinampa jirani huyo haki ya kulalamika, lakini ni afadhali kumuuliza mapema ni saa ngapi watoto wake hulala.